Namna ya Kuongoza Mazishi ya Kijeshi: Mwongozo kwa Aliyekabidhiwa Kikosi cha Heshima

Gwaride la sikukuu ya taifa hufanyiwa mazoezi kwa wiki nyingi, lakini amri ya kusimamia mazishi ya askari huja ghafla, na mara nyingi humkuta sajini au luteni kijana ambaye hajawahi kufanya kazi hiyo na ambaye amepewa siku tatu au nne tu za kujiandaa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Kila jeshi lina kitabu chake cha kanuni za heshima na gwaride, na pale ambapo kitabu hicho kinasema tofauti na haya, kitabu ndicho kinachofuatwa. Ninachokusudia kueleza ni yale yanayofanana katika majeshi mengi, pamoja na sababu zake, kwa kuwa askari anayejua kwa nini anafanya jambo fulani hulifanya kwa uangalifu zaidi kuliko yule aliyekaririshwa tu.

Tangu mwanzo, weka akilini kwamba kwenye gwaride la sherehe kosa huonekana na mkaguzi, naye huliandika kwenye taarifa yake, lakini kwenye mazishi kosa huonekana na mama wa marehemu, ambaye hana pa kuliandika na atakaa nalo maisha yake yote. Kwa hiyo kila uamuzi utakaofanya, kuanzia mahali pa kumsimamisha mpiga tarumbeta hadi namna ya kushika pindo la bendera, upime kwa jicho la mtu aliyeketi kwenye kiti cha mbele kabisa, hatua chache kutoka kaburini.

Hatua ya kwanza: Onana na familia kabla ya kupanga mstari wowote

Omba jeshi liteue afisa mmoja tu wa kuwa kiungo kati ya kikosi na familia, na ujumbe wote upitie kwake. Familia iliyofiwa ikipigiwa simu na watu watano, kila mmoja akiwa na swali lake, huchoka na kuchanganyikiwa, na maamuzi hugongana. Afisa huyo aende nyumbani kwa marehemu akiwa amevaa sare safi, aketi, asikilize kwanza, kisha aulize maswali yake kwa utaratibu.

Swali la kwanza linahusu dini na mila ya marehemu. Kwa Waislamu, kwa mfano, maiti huzikwa kwa haraka na huzikwa katika sanda bila sanduku, na jeneza hutumika kuibebea tu hadi makaburini, hivyo ratiba ya jeshi inayodhani kuwa kuna siku nne za maandalizi na sanduku la kufunika kwa bendera hadi dakika ya mwisho haitafaa. Hapo unakaa na imamu mnapanga pamoja ni wapi bendera itaondolewa, na kama tarumbeta na risasi zitakuwapo au hazitakuwapo. Kwa madhehebu ya Kikristo pia kuna tofauti kubwa, na kasisi au mchungaji ndiye mwenye usemi katika ibada yake. Utaratibu unaosumbua watu kidogo zaidi ni kuiacha ibada ikamilike kwanza, heshima za kijeshi zifuate, kisha familia ibaki na mtu wao.

Swali la pili ni kama familia inataka risasi zipigwe. Wapo wazee wenye ugonjwa wa moyo, wapo watoto wadogo, na wapo wajane wa askari waliouawa vitani ambao hawataki kabisa kusikia mlio wa bunduki siku hiyo. Heshima hii ni ya marehemu na jamaa zake, hivyo wakiikataa isilazimishwe. Wakiikubali, waelezwe mapema kwamba mikupuo, yaani bunduki zote kulia kwa pamoja, itakuwa mitatu, kwamba mlio utakuwa mkubwa, na kwamba mtu atakuwa karibu nao wa kuwanong'oneza kabla ya mkupuo wa kwanza.

Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo ni nani atakayepokea bendera. Mara nyingi kuna mjane na kuna mama mzazi, na wakati mwingine wawili hao hawasemezani. Jambo hili lisiachwe liamuliwe mbele ya kaburi. Kanuni za jeshi huwa na mpangilio wa nani ni wa karibu kisheria, na majeshi mengine huruhusu bendera ya pili kwa wazazi. Afisa kiungo alimalize suala hilo nyumbani, kwa upole, na aandike jina la mpokeaji na kiti atakachokalia.

Hatua ya pili: Ukague uwanja kwa miguu yako mwenyewe

Nenda makaburini siku moja au mbili kabla, katika saa ileile ambayo mazishi yatafanyika, ili uone jua litakuwa upande gani na upepo unavuma kutoka wapi. Tembea njia yote kuanzia gari litakaposimama hadi kaburini. Pima upana wa geti, kwa sababu watu wanaobeba jeneza begani huhitaji nafasi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Angalia mteremko, mizizi, mawe na vijia vyenye utelezi, na uhakikishe kuwa ardhi iliyo kandokando ya kaburi ni imara na kwamba mbao zitakazokanyagwa zitabeba uzito wa watu sita au wanane pamoja na mzigo wao.

Hesabu muda kwa hatua. Katika majeshi mengi mwendo wa haraka huwa hatua 110 hadi 120 kwa dakika, na mwendo wa pole unaotumika mazikoni huwa hatua 60 hadi 65. Hatua ya kawaida ya gwaride ina urefu wa sentimita 75 hivi, kwa hiyo kwa mwendo wa hatua 60 kikosi husogea mita 45 kwa dakika, na njia ya mita 180 itachukua dakika nne. Waliobeba jeneza hufupisha hatua zao, hivyo ongeza dakika moja au mbili. Hesabu hii inaonekana ndogo, lakini bendi inayomaliza wimbo wakati jeneza bado liko nusu ya njia huacha ukimya mbaya ambao hakuna aliyeupanga.

Mahali pa kikosi cha kupiga risasi pachaguliwe kwa uangalifu wa pekee. Kiwe kinaonekana na familia lakini kwa umbali wa kutosha, mitutu ielekee juu ya kaburi au pembeni yake kwa mwinuko, na isielekee kamwe upande ambao watu wamesimama, hata kama risasi hazina vichwa, yaani ni za mlio tu. Mpiga tarumbeta asimame mbali na kikosi hicho na mbali kiasi na umati, ikiwezekana kwenye mwinuko, ili sauti ifike ikiwa imelainika.

Hatua ya tatu: Wachague wabeba jeneza kwa mabega yao

Jeneza hubebwa na watu sita au wanane, wakiongozwa na mmoja ambaye habebi, kazi yake ikiwa ni kutoa amri na kuangalia njia. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuwapanga kwa vyeo, au kwa urefu wa kichwa. Nililifanya kosa hilo mwenyewe mara ya kwanza nilipokabidhiwa kazi hii. Niliwapanga vijana sita waliolingana vichwa, nikaridhika kwa macho, na sikugundua hadi tulipoinua kwamba mmoja wao alikuwa na shingo ndefu na mabega yaliyoshuka. Jeneza likalala upande wake, yeye akabaki amelishika kwa mkono bila bega lake kuligusa, na wa mbele yake akabeba uzito wa watu wawili. Mjane aliyekuwa akitembea nyuma yetu alinyoosha mkono kana kwamba anataka kulizuia lisianguke. Halikuanguka, lakini mkono ule ulionyooshwa bado nauona.

Tangu hapo nimekuwa nikiwasimamisha ukutani wakiwa wamevaa viatu vilevile watakavyovaa siku ya mazishi, nachora kwa chaki alama ya bega la kila mmoja, kisha nawapanga jozi kwa jozi kufuatana na alama hizo. Tofauti ya sentimita mbili kati ya wawili wanaoangaliana inatosha kuliinamisha jeneza. Kwa kuwa jeneza hubebwa miguu ikitangulia, na sehemu ya kifua na kichwa ndiyo nzito zaidi, jozi yenye nguvu iwekwe nyuma. Tenga pia watu wawili wa akiba wanaojua kila nafasi, wakiwa wamevaa tayari.

Kuhusu rafiki wa karibu wa marehemu, usimpange bila kumwuliza na usimwache bila kumwuliza. Wapo wanaotaka kubeba kwa sababu ni kitu cha mwisho wanachoweza kumfanyia mwenzao, na huwa imara kuliko wote. Wapo ambao hawataweza, na hakuna aibu katika hilo. Mpe nafasi, kisha umweke mtu wa akiba anayelingana naye mabega, na umwambie waziwazi kwamba anaweza kubadilisha nia hata asubuhi ya siku yenyewe.

Hatua ya nne: Fanyeni mazoezi kwa uzito wa kweli

Tafuta sanduku la mbao lenye vipimo vya jeneza. Anza nalo likiwa tupu ili watu wajifunze mienendo, kisha lijaze magunia ya mchanga hadi lifikie uzito wa jeneza pamoja na mtu mzima, ambao kwa kawaida huzidi kilo 100. Wanaofanya mazoezi na sanduku tupu hadi mwisho hushtuka siku ya mazishi, na mshtuko huo huonekana usoni.

Kuinua hufanyika kwa vipande viwili: kutoka chini hadi kiunoni, kisha kutoka kiunoni hadi begani, huku kila mmoja akigeuka kuelekea mbele na kupitisha mkono wa ndani hadi kwenye bega la mwenzake wa upande wa pili. Mikono hiyo inayoshikana chini ya jeneza ndiyo inayowafanya watu sita kuwa mwili mmoja. Amri zitolewe kwa sauti ya chini, inayosikika na wabebaji peke yao. Sauti ya uwanjani ya kiongozi wa gwaride, ile inayofika ukuta wa pili, haina nafasi hapa. Nimeona makundi mazuri yanayotembea bila amri inayosikika kabisa, kiongozi akigusa tu ubao wa jeneza kwa kidole mara moja kusimama na mara mbili kuanza, na ninapendekeza kila kundi lijitahidi kufika hapo.

Rudieni kushusha kuliko mnavyorudia kuinua. Mikono ikichoka ndipo jeneza hushuka kwa kishindo, na kishindo hicho cha mwisho juu ya mbao za kaburi ndicho ambacho watu hawakisahau. Fanyeni pia zoezi moja mkiwa na sare kamili, siku ya mvua au kwa kumwagia njia maji, kwa sababu nyayo za viatu vya gwaride huteleza vibaya kwenye majani mabichi.

Hatua ya tano: Andaeni bendera na vitu vinavyokaa juu yake

Katika majeshi mengi upande wa bendera unaoshikamana na mlingoti huelekea kichwa cha marehemu, na kona ya juu ya upande huo hukaa juu ya bega lake la kushoto. Bendera ipigwe pasi, ikaguliwe kama ina uzi uliochomoka, na ifungwe kwa utepe au mpira mwembamba unaopita chini ya jeneza, kwani upepo haujali sherehe. Wabeba jeneza wafundishwe kushika mbao na vishikizo badala ya kitambaa, na pindo linapowafunika vidole walikunje kidogo kwa ndani ili lisiburutwe begani.

Juu ya bendera huwekwa kofia ya sare, mkanda na nishani za marehemu, na kwa afisa huwekwa pia upanga. Nishani huwekwa kwenye mto mdogo. Vitu hivi visiachwe vikae kwa uzito wake tu, bali vishikizwe kwa uzi kutoka chini, kwa kuwa jeneza likipanda ngazi hata moja huinama, na kofia inayoteleza na kuviringika njiani hubomoa kila kitu mlichojenga. Panga mapema nani ataviondoa, kwa mfuatano gani, na atavikabidhi kwa nani kabla ya bendera kukunjwa. Bendera yenyewe haishushwi kaburini.

Kama kambi itapeperusha bendera nusu mlingoti, mlinzi wa zamu akumbushwe kwamba hupandishwa kwanza hadi juu kabisa, kisha ndipo hushushwa hadi katikati, na jioni kabla ya kuteremshwa hupandishwa tena hadi juu.

Hatua ya sita: Kumsafirisha marehemu

Gari la kawaida lililosafishwa vizuri linatosha kabisa. Viongozi wakuu na makamanda huweza kubebwa juu ya gari la mzinga, desturi ambayo ina historia inayofaa kujulikana na kila msimamizi. Februari 1901, katika mazishi ya Malkia Victoria wa Uingereza huko Windsor, farasi waliokuwa wamesubiri kwa muda mrefu katika baridi walitaharuki, hatamu na vifungo vikakatika, na gari likashindwa kuondoka. Mabaharia waliokuwapo kama gwaride la heshima wakaitwa, wakatafuta kamba, wakalivuta gari hilo kwa mikono. Jambo lililofanywa kwa dharura likawa desturi, na mnamo Septemba 19, 2022, mabaharia 142 walilivuta gari lililombeba Malkia Elizabeth II. Nalieleza hili kwa sababu watu walioshuhudia siku ile ya 1901 hawakuona fedheha, kwani waliokuwa pale walikuwa watulivu na walifanya jambo lililofuata bila kelele. Hakikisha una gari la pili limesimama karibu, lina mafuta, na dereva wake yuko ndani.

Askari wanaosindikiza hutembea wakiwa wamegeuza silaha, mtutu ukielekea chini na kitako kikiwa juu, na wanapofika kaburini huegemea vitako hivyo kwa mikono iliyokunjwa, vichwa vikiwa vimeinama. Mkao huu huchosha shingo na mgongo. Wasikae hivyo kwa zaidi ya muda unaohitajika, na wafundishwe kupumua na kulegeza magoti kidogo, maana anayeyakaza kwa dakika ishirini kwenye jua huanguka. Mtu akianguka, wa nyuma yake pamoja na mhudumu wa afya wamtoe kimya kimya, na wengine wasigeuke.

Hatua ya saba: Mikupuo mitatu ya risasi

Watu wengi, wakiwamo waandishi wa habari, huchanganya mikupuo hii na mizinga 21. Ni vitu viwili tofauti. Mizinga 21 hupigwa kwa mizinga, kwa ajili ya wakuu wa nchi na siku za taifa, na asili yake ni ya baharini, pale meli zilipofyatua mizinga yake yote ili kuonyesha kwamba zimeingia kwa amani zikiwa hazina risasi ndani. Mikupuo mitatu hupigwa kwa bunduki, na asili yake inayoelezwa mara nyingi ni vita vya zamani vya Ulaya, ambapo mapigano yalisimamishwa ili kila upande uondoe maiti wake, na milio mitatu ikawa ishara kwamba wafu wamekwisha kutunzwa. Hata bunduki zikiwa saba na mikupuo mitatu, ambavyo kwa hesabu ni risasi 21, hiyo haigeuki kuwa mizinga 21.

Risasi zitumike zile zisizo na kichwa, na mtu mmoja awe na jukumu la kuzikagua moja moja kabla ya kuzigawa, kisha mwingine azikague tena. Bunduki zote zikaguliwe vyumba vya risasi mbele ya kiongozi wa kikosi. Lengo la mazoezi ni kwamba bunduki zote zisikike kama moja. Mlio unaopasuka vipande vipande hauna utulivu, na njia ya kuurekebisha ni kuwafundisha watu kusikiliza sehemu ya mwisho ya amri badala ya kumtazama wa pembeni. Bunduki ikikataa kulia, askari wake asiangalie chini wala asianze kuvuta mtambo nje ya zamu. Aendelee na mienendo yote pamoja na wenzake kana kwamba imelia, na itashughulikiwa baadaye mahali pa usalama.

Hatua ya nane: Tarumbeta

Baada ya risasi huja tarumbeta, na hapa ndipo waombolezaji wengi hushindwa kujizuia. Wimbo unaotumika katika majeshi yenye asili ya Uingereza ulikuwa ishara ya kambini kwamba ukaguzi wa walinzi wa usiku umekamilika, na siku ya askari imefungwa. Katika lango la kumbukumbu la Menin, mjini Ypres nchini Ubelgiji, hupigwa kila jioni saa mbili usiku, desturi iliyoanza 1928 na iliyokatizwa na uvamizi wa Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha ikarejeshwa. Baada yake huja ukimya wa dakika moja au mbili, na kisha wimbo wa kuamsha, ambao kwa waumini huashiria ufufuo.

Marekani hutumia wimbo mwingine wenye noti 24, uliotokana na kazi ya Jenerali Daniel Butterfield kambini Virginia mnamo Julai 1862. Mwaka huohuo kapteni mmoja wa kikosi cha mizinga, John Tidball, alikuwa na askari wa kuzika karibu kabisa na mistari ya adui. Aliona kwamba milio mitatu ya bunduki ingemfanya adui adhani mapigano yameanza, akaamuru tarumbeta ipigwe badala yake.

Mpiga tarumbeta ndiye mtu aliye mpweke kuliko wote uwanjani, kwani hana mwenzake wa kumficha. Katika mazishi ya Rais John Kennedy, Novemba 25, 1963, sajini Keith Clark, mpigaji hodari aliyesubiri kwa muda mrefu katika baridi, alivunja noti ya sita mbele ya dunia nzima. Wengi waliosikia walisema noti ile ilikuwa kama kilio, lakini wewe msimamizi jifunze kilichosababisha. Mruhusu mpigaji wako akae mahali pa kivuli au penye joto hadi dakika chache kabla, atunze mdomo wa tarumbeta mfukoni au ndani ya kiganja ili usiwe baridi, apate maji ya kunywa, na apige noti chache taratibu mahali ambapo hasikiki. Usimweke jirani na bunduki, kwa maana masikio yanayovuma hayaipati noti ya kwanza.

Kama hakuna mpigaji, baadhi ya majeshi hutumia tarumbeta yenye kifaa cha sauti kilichofichwa ndani. Hilo linakubalika kuliko kuacha nafasi tupu, ila betri ikaguliwe na aliyeishika afundishwe kuinua na kushusha chombo kwa wakati wake.

Hatua ya tisa: Kukunja na kukabidhi bendera

Bendera hukunjwa juu ya jeneza kabla ya kushushwa, au pembeni mwa kaburi, kufuatana na kanuni za jeshi lako. Wamarekani huikunja mara 13 hadi iwe pembetatu, na majeshi mengine huikunja mstatili. Iwe umbo gani, kazi ni ya mikono iliyotulia: kitambaa kivutwe kikaze kabla ya kila mkunjo, ukingo ulainishwe kwa ubavu wa kiganja, na mkunjo wa mwisho uchomekwe ndani kabisa. Usiharakishe. Hapa muda mrefu haumchoshi mtu.

Kisha bendera hupita mikononi hadi kwa yule atakayeikabidhi. Yeye hutembea hadi kwenye kile kiti kilichoandikwa siku ya kwanza, na kwa kuwa mpokeaji ameketi, huinama au hupiga goti moja hadi macho yao yalingane. Hushika bendera mkono mmoja juu na mwingine chini. Maneno yawe yale ya kanuni, machache, yaliyokaririwa vizuri, na jina la marehemu litamkwe kama familia yake inavyolitamka. Ulizia hilo mapema. Baada ya maneno, usiiachie bendera hadi uhisi uzito wake umehama na mikono ya mpokeaji imeubeba. Wapo wanaochelewa kuinua mikono, na wapo wanaoshika mikono ya askari pamoja na bendera wasiiachie. Kaa hapo. Hakuna ratiba inayokuhitaji mahali pengine kwa wakati huo. Akikuachia, simama, rudi hatua moja, piga saluti ya taratibu, ndipo ugeuke.

Pale ambapo watu ni wachache

Mara nyingi marehemu ni mstaafu mzee, kambi iko mbali, na hakuna bendi wala kikosi cha bunduki. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 2000 iliweka kiwango cha chini kabisa kwa mstaafu ambaye familia yake imeomba heshima: askari wawili wenye sare, bendera kukunjwa na kukabidhiwa, na tarumbeta kupigwa. Naona kipimo hicho ni kizuri kwa jeshi lolote. Askari wawili walioandaa viatu vyao na mikono yao humtosha mzee huyo, na wajukuu wake hawatahesabu ni wangapi waliokosekana. Kwa kuwa kila mmoja ana kazi mbili, fanyeni mazoezi ya kupishana: nani anaenda kwenye tarumbeta, nani anabaki kwenye bendera, na mnakutana wapi.

Hatua ya kumi: Baada ya umati kuondoka

Kikosi kiondoke kwa mwendo uleule wa pole hadi kitoke machoni pa familia, na hata kikishatoka, kelele na vicheko vya kuachia pumzi vikatazwe hadi magari yawe mbali. Bunduki zikaguliwe tena vyumba vyake. Maganda ya risasi yaokotwe yote, yahesabiwe, yafutwe kwa kitambaa, na matatu kati yake, moja kwa kila mkupuo, yanaweza kupewa familia kama kanuni zinaruhusu. Yawekwe kwenye kimfuko kidogo, yasichomekwe kwa haraka kwenye mikunjo ya bendera, maana baruti iliyobaki huacha doa jeusi.

Wakusanye wabeba jeneza siku hiyohiyo, mahali pa faragha. Wamekaza nyuso zao kwa saa nzima, na baadhi yao walikuwa marafiki wa yule waliyembeba. Waulize mmoja mmoja wanaendeleaje, na anayetaka kurudi kaburini bila sare apewe ruhusa. Afisa kiungo naye arudi nyumbani kwa marehemu baada ya wiki moja hivi, akiwa na picha za mazishi, hati za mafao zilizojazwa sehemu zinazojazwa na jeshi, na orodha ya vitu vya marehemu vilivyobaki kambini, kila kimoja kikiwa kimeoshwa na kukunjwa, ili mpokeaji atie sahihi akiwa ameketi kwake.